Namba za wageni kwa saiti yako, usizishangilie bado

Mwenye duka moja la simu huku tao alinionyesha ripoti ya hosting yake akicheka mpaka jino la mwisho, hiti maelfu kwa maelfu kwa mwezi, na dukani hakuna hata mteja mmoja ametaja kwamba aliona saiti. Sasa bana, hiti si mtu. Hiti ni kila faili ambayo seva imeombwa itoe, kwa hivyo ukurasa wa bei ukiwa na picha 30 za simu, logo na fonti, mtu mmoja akiufungua mara moja tu hizo ni hiti 30 na zaidi. Halafu ndani humo kuna boti (programu zinazofungua kurasa zenyewe, si watu) za Google, za Bing, na za wale wahuni wanaozunguka usiku kucha wakitafuta saiti za WordPress za kuvamia.

Google Analytics, chombo cha Google cha takwimu za saiti, angalau inajaribu kuhesabu wageni, lakini hata hapo inachohesabu ni brausa, kwa kuki (faili ndogo ya kuitambua brausa) inayowekwa mara ya kwanza ukiingia. Ukifungua kwa simu ukiwa kwa matatu, ukifika kazini ufungue tena kwa kompyuta, wewe tayari ni wageni wawili, na watu watano wakitumia mashine moja ya cyber ambayo hakuna anayefuta kuki wanahesabiwa mmoja. Safari, ile brausa ya iPhone, ndio balaa kabisa, mtu asiporudi ndani ya siku 7 ile kuki inaenda, kwa hivyo mteja wako wa kila mwisho wa mwezi ataonekana mgeni mpya daima.

Sesheni, yaani ziara moja ya mtu kwa saiti, nayo ni hesabu yake kando, mtu akinyamaza dakika 30 inafungwa, akirudi anaanza nyingine.

Kitu wengi hawaangalii ni saa. Ukiacha akaunti ya Analytics kwa saa za Los Angeles, siku yako inaanza saa 4 au saa 5 asubuhi ya Nairobi, alafu unashangaa mbona Jumatatu imechanganyika na Jumapili. Rekebisha mapema juu data ya zamani haibadiliki.

Na kama unatuma linki kwa magrupu ya WhatsApp (nani hatumi?), bandika ?utm_source=whatsapp&utm_medium=grupu mwishoni, la sivyo wengi wao wataingia kwa fungu la Direct na hutajua walitoka wapi.

Mimi siku hizi jumla ya wageni naitupia jicho tu. Naangalia sesheni ambazo mtu alikaa zaidi ya sekunde 10 ama akafungua kurasa mbili, na zaidi ya hapo naangalia nani alibonyeza kitufe cha kupiga simu. Hicho kitufe lazima ukiwekee ufuatiliaji mwenyewe, Google haitakufanyia, na ukishamaliza kibonyeze kwa simu yako uone kama kinaingia kwa ripoti ya Realtime (ya papo hapo) kabla hujaanza kulipia matangazo.