Faili lipo, data hakuna: maswali yenu kuhusu bakapu za MySQL

Habari za kazi, wahariri. Seva ya duka letu hutengeneza bakapu ya hifadhidata ya MySQL kila usiku kwa cron (programu inayoendesha kazi kwa ratiba), na asubuhi faili tunaliona. Tulipojaribu kulirudisha kwenye kompyuta nyingine, hamna kitu. Faili lina baiti 20 tu. Amri yetu ni `mysqldump -u root -pNenosiri duka | gzip > duka.sql.gz`. Kosa liko wapi?
Msomaji, Morogoro

Baiti 20 ndio ukubwa wa faili la gzip, programu ya kubana mafaili, lisilo na chochote ndani. mysqldump, programu inayotoa nakala ya hifadhidata, ilishindwa mwanzoni kabisa, pengine kwa sababu nenosiri lilibadilishwa na hakuna aliyekumbuka kurekebisha amri. gzip nayo ilipokea hewa tupu, ikaibana, ikamaliza salama. Bash, programu inayosoma amri zenu, ikikuta amri mbili zimeunganishwa kwa alama ya `|`, hupima mafanikio kwa ile ya mwisho peke yake. Ujumbe wa hitilafu ulitoka, lakini cron huutuma kwenye barua pepe ya ndani ya seva, na sanduku hilo ni wachache wanaolifungua.

Hamisheni kazi hiyo kwenye skripti:

```
#!/bin/bash
set -euo pipefail
F=/var/bakapu/duka-$(date +%F).sql.gz
mysqldump --single-transaction --routines --events \
  --no-tablespaces duka | gzip > "$F.bado"
zcat < "$F.bado" | tail -n 1 | grep -q "Dump completed"
mv "$F.bado" "$F"
```

`pipefail` ndiyo dawa ya tatizo lenu: amri yoyote kati ya zilizounganishwa ikishindwa, skripti inasimama hapo hapo. mysqldump ikifika mwisho salama huandika mstari wa `-- Dump completed on` pamoja na tarehe, na grep inautafuta huo. Faili hupata jina lake kamili baada ya hapo tu, kwa hiyo asubuhi mkikuta lenye `.bado`, jueni usiku kuna jambo limeharibika.

`--routines` na `--events` msiziache. Triga (amri zinazojiendesha data inapobadilika) huchukuliwa zenyewe, lakini taratibu zilizohifadhiwa ndani ya hifadhidata pamoja na kazi za ratiba huachwa nje mpaka uziombe. `--no-tablespaces` inazuia lalamiko la kukosa ruhusa ya PROCESS, lililoanza na toleo la 8.0.21.

Nenosiri liondoeni kwenye amri. Wekeni faili la `.my.cnf` katika folda ya nyumbani ya mtumiaji yule yule anayeendesha cron:

```
[client]
user=bakapu
password="neno#siri"
```

Kisha `chmod 600 ~/.my.cnf`. Alama za kunukuu zina kazi: bila hizo, kila kinachofuata `#` huhesabiwa kuwa maelezo ya pembeni na nenosiri linakatwa katikati. Na root, mtumiaji mwenye ruhusa zote, wa nini? Mtumiaji wa bakapu anatosha na SELECT, SHOW VIEW, TRIGGER na EVENT juu ya hifadhidata ya duka, pamoja na SHOW_ROUTINE ya seva nzima kuanzia toleo la 8.0.20.

Angalizo kwa wanaopenda kuandika kila kitu ndani ya crontab yenyewe (orodha ya kazi za cron): huko alama ya `%` humaanisha mstari mpya, hivyo `date +%F` itavunjika. Andikeni `\%`, au bakini na skripti.

Tukichukua bakapu mchana, keshia anakwama mpaka iishe. Ni lazima tusubiri usiku?
Msomaji, Mombasa

Si lazima. mysqldump isipoambiwa vingine hufunga majedwali, na anayetaka kuandika mauzo husubiri. `--single-transaction` husoma picha ya data ya dakika ile ilipoanza, huku wengine wakiendelea kuandika. Ila hilo ni kwa majedwali ya InnoDB pekee, mojawapo ya njia za MySQL za kuhifadhi majedwali. Kagueni:

`SELECT table_name, engine FROM information_schema.tables WHERE table_schema='duka';`

Mkikuta MyISAM, njia ya zamani, badilisheni kwa `ALTER TABLE mauzo ENGINE=InnoDB;` baada ya kufunga duka. Bakapu ikiwa inaendelea, asiwepo mtu wa kubadili muundo wa jedwali lolote.

Narudisha bakapu ya MySQL 8 kwenye MariaDB (hifadhidata iliyotokana na MySQL), napata hitilafu 1273, "Unknown collation: utf8mb4_0900_ai_ci".
Msomaji, Arusha

Huo ni mpangilio wa herufi (kanuni ya kuzilinganisha) wa MySQL 8 ambao matoleo mengi ya MariaDB hayaujui. Badilisha wakati wa kurudisha, kwenye hifadhidata mpya ya majaribio:

```
mysql -e "CREATE DATABASE duka_jaribio CHARACTER SET utf8mb4"
zcat < duka.sql.gz | sed 's/utf8mb4_0900_ai_ci/utf8mb4_unicode_ci/g' | mysql duka_jaribio
```

Ukipata hitilafu 1062 ya thamani kujirudia, sababu mara nyingi ni nafasi tupu mwishoni mwa maneno. Mpangilio wa zamani, utf8mb4_unicode_ci, huhesabu "Asha" na "Asha " kuwa kitu kimoja, ule wa MySQL 8 huvitofautisha. Safisha data kwenye seva ya awali, kisha toa bakapu upya.

Zingatia kwamba njia hii ni salama kwa sababu bakapu ilitolewa bila `--databases`. Ukiitumia, faili hubeba `USE duka` ndani yake, na jina la `duka_jaribio` uliloandika halitasaidia kitu. Kwenye seva ambayo duka halisi linafanya kazi, `DROP TABLE IF EXISTS` itapita jedwali moja baada ya jingine, na mauzo ya leo yatakwenda nayo.

Natumia Windows. Faili la .sql nililotoa kwa PowerShell linakataliwa na mysql, tena ni kubwa kuliko la mwenzangu wa Linux.
Msomaji, Kigoma

PowerShell 5.1, inayokuja na Windows, ikikuta `>` huandika faili kwa UTF-16: herufi za kawaida huchukua baiti mbili mbili, na mysql haielewi. Acha mysqldump iandike yenyewe: `mysqldump -u bakapu -p --single-transaction --result-file=duka.sql duka`.