Makumbusho ya muziki ni sawa, mradi vyombo vilie

Wiki hii mmetuuliza kama kanisa la kale ambalo halitumiki tena kwa ibada linafaa kugeuzwa kuwa makumbusho, au ni heri lifungwe. Kwa maoni yangu linafaa, na makumbusho ya muziki ndiyo yanayolistahili zaidi, ila kwa sharti kwamba vyombo vilivyomo viwe vinapigwa.

Mfano wangu ni Buurkerk, kanisa la Zama za Kati katikati ya mji wa Utrecht, Uholanzi, ambalo tangu mwaka 1984 ni makao ya Museum Speelklok, makumbusho ya vyombo vya muziki vinavyojipiga vyenyewe. Humo mna saa zinazopiga nyimbo, visanduku vya muziki na vinanda vikubwa vya mitaani na vya kumbi za dansi, na wanaowatembeza wageni hawaishii kwenye maelezo, bali huviwasha vyombo vyenyewe vikasikika. Kinachonivutia kuliko vyote ni mtambo wa kampuni ya Hupfeld ya Ujerumani, wa mwanzoni mwa karne ya 20. Juu ya piano zimesimamishwa fidla tatu, zikiwa zimezungukwa na upinde wa duara wenye nywele za farasi. Fidla ambayo zamu yake imefika husogezwa hadi iguse upinde huo unaozunguka, huku matundu yaliyotobolewa kwenye karatasi yakiamua ni noti ipi ilie na kwa muda gani. Ni kweli kwamba mwangwi wa kanisa huukoroga kidogo muziki wa kasi, lakini afadhali mwangwi kuliko ukimya.

Wapo watakaosema kwamba dansi ndani ya kanisa ni kuvunja heshima. Nawaelewa, ila historia ya Buurkerk yenyewe si nyepesi hivyo. Upande wake wa madhabahu ulibomolewa katika karne ya 16 ili kupisha barabara, na kabla ya hapo mwanamke mcha Mungu, Suster Bertken, alijifungia katika chumba kidogo kando ya kanisa hilo kwa miaka 57, hadi alipofariki mwaka 1514, akituachia sala na nyimbo alizozitunga. Muziki, basi, haukuletwa hapo na makumbusho.

Siridhiki kwa kiwango hichohicho na kanisa la San Maurizio huko Venice, Italia, ambamo fidla na vyombo vingine vya enzi za Vivaldi, mtunzi wa muziki wa karne ya 18, vimewekwa ndani ya makabati ya kioo, na mgeni huviangalia zaidi kuliko kuvisikia. Najua kwamba fidla ya miaka 300 haiwezi kufanyishwa kazi kila saa kama kinanda cha mtaani, lakini hata kupigwa mara chache kwa mwaka, mbele ya wasikilizaji, kungetosha kunishawishi. Vinginevyo, jumba lolote lenye kufuli imara na hewa isiyo na unyevu lingeihifadhi vilevile, na kanisa likabaki huru kwa kazi nyingine.