Usingoje Juni: kutafuta kazi Arusha kwa njia nyingine

Mdogo wangu unayezunguka mjini na bahasha ya kaki, kampuni za utalii hapa Arusha zinapokea CV nyingi kuliko zinavyoweza kusoma, na karibu zote zinasema mwombaji ni mchapakazi na mwaminifu. Hilo kila mtu analisema. Peleka kazi yenyewe, waione kwa macho.

Mimi niliingia ofisi ya utalii kwa karatasi moja. Nilitunga ratiba ya siku tano ya babu na bibi wanaosafiri na wajukuu: waanze Tarangire kwa sababu si mbali na mji, walale Karatu watoto wapumzike, ndipo waende Serengeti, na kreta ya Ngorongoro iwe wakati wa kurudi. Nikaweka saa za kuondoka, mahali pa kula, viingilio vya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na vya Ngorongoro kando kwa kuwa kule ni mamlaka nyingine. Mama mwenye kampuni hakugusa vyeti vyangu. Alishika kalamu, akapitia hesabu mstari kwa mstari, akauliza: "Ada ya gari kushuka kreta iko wapi?" Nikamwonyesha. Tukaanza kuongea mshahara.

Lakini karatasi hiyo ingefika Julai asingeisoma. Nilikwenda wakati wa masika, Aprili, wageni wachache, magari yako gereji, na bosi ana nafasi ya kunywa chai na mtu asiyemjua. Watu wengi wanasubiri msimu uchanganye ndipo waombe kazi, wakati huo wenye kampuni wanakimbizana na wageni wa uwanja wa ndege wa KIA usiku na mchana. Naomba sana mlizingatie hili.

Maonyesho ya utalii ya Karibu-Kilifair ya mwezi Juni nayo ni nafasi nzuri, ila usiende kugawa CV. Wenye mabanda wamekuja kutafuta biashara na mawakala wa nje. Nenda siku za kusimamisha mabanda, kabla ya maonyesho kuanza, uliza nani anahitaji mtu wa kupanga vipeperushi, kupokea wageni, au kuongea Kifaransa kama unakijua. Siku mbili tatu za kibarua, ulipwe, na meneja akuone ukifanya kazi.

Anayetaka kuongoza wageni mlimani, asione aibu kuanza na wagumu, yaani wapagazi, kule Moshi. Waongozaji wengi wa Kilimanjaro walianza kwa kubeba. Ulizia kwanza malipo ya siku, chakula na mahema, na ujue mzigo wako hautakiwi kuzidi kilo 20, getini unapimwa. Mwongozaji anamkumbuka kijana anayefika kambini na bado anasaidia kusimamisha hema.

Kama umesoma uhasibu, pita eneo la Unga Limited hapa mjini kwenye maduka ya vipuri. Omba umpangie mwenye duka hesabu ya stoo ya rafu moja tu, umwonyeshe nini kinatoka na nini kinalala. Rafu ya pili mpatane bei, kwa sababu kuna watu watakutumia bure hadi uchoke.

Na popote utakapoacha sampuli ya kazi yako, andika namba ya simu kwenye karatasi yenyewe, maana bahasha hutupwa. Msalimie dada wa mapokezi kwa jina, kisha baada ya wiki moja rudi kwa miguu yako umuulize bosi yupo saa ngapi.