Kasoro za Bosi nizitaje au nizifiche?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mwezi ujao tunahamia nyumba ya kupanga na mwenye nyumba hataki mbwa. Nina Bosi, dume wa miaka 5, niliyemlea tangu akitosha kiganjani. Mfanyakazi mwenzangu anamtaka hata leo, anasema atamfunga mnyororo getini alinde. Mama mmoja jirani mwenye watoto wawili naye anamuulizia. Shida ni kwamba Bosi akila, ukisogelea bakuli ananguruma. Mume wangu anasema ninyamaze, asije akakosa wa kumchukua. Nifanyeje?
Mama Bosi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hilo la bakuli liseme kabla ya lolote, tena kwa kila atakayekuja. Mtoto asiyejua huinama palepale mbwa anapokula, uso wake na mdomo wa mbwa vikakaribiana. Akiumwa, ni kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha kukimbilia hospitali. Na Bosi hatabaki salama baada ya hapo.

Mimi niliwahi kuletewa jike mmoja, akasifiwa kwangu mpaka basi. Sikuambiwa kwamba anaogopa radi. Usiku wa mvua ya kwanza nilimwacha bandani kama kawaida. Asubuhi nikakuta mlango umegugunwa, mbao zimetapakaa, na fizi zake zinavuja damu. Ningeambiwa neno moja tu, angelala ndani na mimi. Hadi leo linaniuma.

Huyo wa mnyororo, mkatalie. Mbwa aliyezoea kuishi na watu ukimfunga kutwa anageuka mkali au ananyong'onyea, na huyo Bosi wako tayari ana jambo la kunguruma.

Mama jirani ana nafasi nzuri zaidi, ila inategemea umri wa watoto. Kama ni wadogo wasiosikia wakikatazwa, tafuta nyumba ya watu wazima. Kama wamekua, mpeleke Bosi matembezi kwao mara mbili tatu kabla ya kuhama, na uone kwa macho yako atakapolala, atakapokula peke yake mlango umefungwa, na kama uzio una upenyo. Mbwa wengi hutoroka siku za mwanzo wakitafuta kwao, kwa hiyo asifunguliwe nje bila kamba majuma ya mwanzo.

Mkabidhi na kadi yake ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Kama hajahasiwa, zungumza na daktari wa mifugo sasa, usingoje. Beba chakula alichozoea cha wiki nzima, wamchanganyie na kipya kidogo kidogo. Na lile tambara analolalia usilifue! Harufu yake ndiyo itakayomtuliza usiku wa kwanza.

Jambo jingine mkubaliane waziwazi: wakishindwa naye, wamrudishe kwako, wasimgawe kwa mtu usiyemjua. Mimi ningeliandika kwenye karatasi, hata kama ni jirani.

Siku yenyewe mtembeze kwanza achoke, mpeleke mwenyewe, kisha uondoke bila kumkumbatia sana. Usirudi kumtazama upesi, utamvuruga. Siku ya tatu piga simu uulize kama ameanza kula.