Kiibodi inakula herufi

SWALI: Shikamoo fundi. Nina steshenari hapa Morogoro, nachapa barua, wasifu wa watu, maombi ya kazi ya mtandaoni. Nilinunua kiibodi ya wayalesi, ina kale kakijiti ka kuchomeka kwenye USB, mwanzoni ilikuwa poa kabisa lakini siku hizi inakula herufi, naandika Mwanahamisi inatoka Mwnahmsi, saa nyingine inang'ang'ania herufi moja aaaaaaa mstari mzima na mteja kakaa pembeni ananiangalia tu. Betri nimebadilisha mara mbili. Ajabu inazidi pale mtu akileta hadi diski yake nimtolee nakala. Halafu nikibonyeza @ inakuja ". Nimeambiwa niitupe.
Mama Steshenari, Morogoro

JIBU: Marahaba. Usiitupe kwanza, hilo la hadi diski ndo limenionyesha ugonjwa ulipo. Kakijiti kako kanaongea na kiibodi kwa mawimbi ya redio ya 2.4 GHz, sasa poti za USB 3, zile ambazo mara nyingi ndani zina rangi ya bluu, zikiwa zinapitisha data zinatoa kelele inayoangukia humo humo kwenye 2.4. Intel walishaliandika hili tangu 2012. Yaani hapo kiibodi inanong'ona mlangoni pa mashine ya kusaga. Na nadhani umekachomeka nyuma ya sipiyu, sipiyu iko chini ya meza, bati tupu, hapo unategemea nini?

Tafuta waya wa ekstensheni ya USB, hata wa mita moja, ukalete juu ya meza jirani na kiibodi, mbali na hadi diski na ruta ya waifai. Kama waya huna leo, kahamishie poti nyeusi ya mbele na hadi diski ya mteja uichomeke nyuma.

Betri umebadilisha sawa, ila betri gani? Zile za bei chee za tochi zinachoka haraka, chukua zilizoandikwa Alkaline, usichanganye mpya na kuukuu. Ukikuta ungaunga kwenye springi, futa kwa pamba yenye siki kidogo, ikauke kabisa ndo urudishe betri.

Hiyo ya @ wala sio ubovu, kiibodi yako ina mpangilio wa Kimarekani ila kompyuta imesetiwa ya Uingereza, na kwenye mipangilio hiyo miwili @ na " zimebadilishana nafasi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na spesi uone kama itabadilika, isipobadilika ingia setingi za lugha uongeze Kiingereza cha Marekani.

Baada ya hayo yote ikiendelea kula, ijaribu kwenye laptop ya mtu pamoja na kakijiti kake. Ikila na huko basi imekufa, kanunue nyingine, ila nakushauri ya waya, kwani wewe hapo kaunta unatembea nayo wapi?