Maswali ya Wasomaji: I-180, RD-180 na Nambari Zinazogongana

SWALI: Kuna barabara ya I-180 Marekani na injini ya roketi RD-180 ya Urusi. Je, zina uhusiano?

JIBU: Hazina. Ila nambari zote mbili zina maana, kila moja kwa kanuni yake.

Kwenye barabara kuu za Marekani ziitwazo Interstate, tarakimu mbili za mwisho ndizo za barabara mama, kwa hiyo I-180 ni mtoto wa I-80. Tarakimu ya kwanza ikiwa witiri, kwa kawaida hilo ni tawi linaloingia mjini. Ikiwa shufwa, barabara huuzunguka mji au huungana na Interstate nyingine kila upande. Ndiyo maana I-270 ya Columbus, Ohio, ni duara kamili, ilhali I-270 ya Maryland haizunguki popote. Inaunganisha I-70 na I-495. Nambari hizi hurudiwa jimbo hadi jimbo, basi usitaje I-180 bila kutaja mahali. Ile ya Cheyenne, Wyoming, ni kituko kidogo: ina taa za kuongozea magari, jambo usilolitegemea kwenye Interstate.

Kwa Warusi, tarakimu ya kwanza inahusu kioksidishaji, yaani kinachoyaunguza mafuta. Katika ofisi ya usanifu ya Valentin Glushko, msanifu wa injini za roketi wa Kisovieti, familia ya 100 huunguza kwa oksijeni ya kimiminika, na ya 200 kwa asidi ya nitriki au tetroksidi ya nitrojeni. RD-180, iliyorusha roketi ya Atlas V ya Marekani kuanzia 2002, hutumia mafuta ya taa na oksijeni. RD-270 ilitumia tetroksidi ya nitrojeni. Ilijaribiwa miaka ya 1960 lakini haikuruka kamwe. Tarakimu zinazofuata hazikwambii ukubwa: RD-170 ina vyumba vinne vya mwako (mahali mafuta yanapoungulia), RD-180 viwili, RD-191 kimoja. Nambari inapanda, injini inapungua.

SWALI: Mbona wengine husema roketi ya Soyuz ya Urusi inaondoka na injini 20 na wengine 5?

JIBU: Wanaosema 20 wanahesabu vyumba vya mwako. Roketi za pembeni ni nne, kila moja na RD-107. Katikati ipo RD-108. Hizo ni injini tano. Kila injini ina vyumba vikubwa vinne vinavyolishwa na pampu zilezile, hivyo 5 × 4 ni 20. Kuna pia vyumba vidogo vya usukani: viwili kwa kila RD-107 na vinne kwa RD-108, jumla 12. Ukihesabu vyumba vyote kwenye picha ya kitako cha roketi, utapata 32.

SWALI: H-1 ya Hawaii ilipewa jina la injini ya roketi?

JIBU: Hapana. H hapo ni Hawaii. Barabara hiyo iko kisiwani Oahu na haiungani na Interstate ya bara, wala haifuati kanuni kwamba Interstate kuu zenye nambari witiri huenda kaskazini–kusini: inakwenda mashariki–magharibi. Injini ya H-1 ilitengenezwa na Rocketdyne. Nane zilifungwa chini ya roketi za Saturn I na Saturn IB za Marekani, na msukumo wa kila moja ulipandishwa kutoka pauni 165,000 hadi 205,000.

SWALI: Nikitafuta RD-120 napata maelezo yanayopingana. Kwa nini?

JIBU: Angalia sifuri. RD-120 ni ya hatua ya pili ya roketi ya Zenit, na huunguza mafuta ya taa. RD-0120 ilisanifiwa Voronezh, Urusi, kwa ajili ya roketi ya Energia, na huunguza hidrojeni ya kimiminika. Orodha nyingi za kompyuta hufuta sifuri ya mwanzo, injini mbili zikageuka moja. Hifadhi nambari kama maandishi, usiihifadhi kama hesabu. Ukibaki na shaka, soma aina ya mafuta kwanza: penye hidrojeni, hiyo si RD-120.

Tahadhari nyingine: Ufaransa nayo huandika RD mbele ya nambari za barabara za wilaya, na kila wilaya hupanga zake. Ongeza neno “injini” kwenye utafutaji.