Kuandika historia ya shule yenu ya bweni: pitieni kwanza nyumbani kwa makatibu wa kanisa

Shule nyingi za kijijini historia yake ni karatasi moja ukutani ofisini: mwaka wa kuanzishwa na majina ya wakuu wa shule. Nilipoombwa kuandika ya shule yetu ya Wabaptisti, huku magharibi mwa Kenya, nilitaka watoto wajue ni nani hasa walioijenga.

Wamishonari wa Friends (Quakers) walifika Kaimosi 1902, Waanglikana wakaanzisha shule ya Maseno 1906. Wabaptisti kutoka Marekani waliingia Kenya 1956 tu. Kwa hiyo wengi waliokalia madawati ya kwanza wangali hai, na hii ni neema ambayo haitadumu. Lakini Wabaptisti hawana askofu. Kila kanisa linajitawala. Anayeandika kuhusu shule ya Kianglikana ataulizia dayosisi. Wewe utabisha hodi kwa katibu wa kanisa aliyestaafu, au kwa mjane wake. Mimi huko ndiko nilikokuta mihtasari ya mikutano, kwenye sanduku la bati: nani alitoa ardhi, boma gani lilichoma matofali, kwa nini bweni la wasichana lilikawia. Piga picha kila ukurasa hapo hapo, daftari libaki kwa mwenyewe.

Wazee usiwaulize mwaka. Uliza kama ilikuwa kabla au baada ya mvua kubwa za 1961, ya Uhuru, ya kuuawa kwa waziri Tom Mboya Julai 1969, ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982. Mama mmoja aliyepika shuleni tangu ujana wake alinipangia miaka yote kwa njia hiyo, akajua hata ni muhula gani wanafunzi walikula mahindi matupu kwa kukosa maharagwe. Wapishi na walinzi huona walimu wakija na kuondoka. Wasikilizeni mapema, kabla ya wakuu wa shule.

Suala la ardhi ndilo gumu. Ardhi nyingi ilitolewa kwa mdomo, na mjukuu akikuona na kalamu atadhani umekuja kupima shamba. Nenda na mzee wa kanisa pamoja na mtu wa ukoo huo. Eleza shida yako kabla ya kufungua daftari, na ukimaliza wasomee ulichoandika, kwa lugha ya nyumbani. Wakisema jina la babu yao limekosewa, rekebisha mbele yao.

Kama shule yenu ilikuwepo kabla ya Sheria ya Elimu ya 1968, iliyoyafanya makanisa kuwa wafadhili badala ya wasimamizi, tafuteni pia barua za serikali katika hifadhi ya nyaraka ya Kakamega au Kisumu.

Mkichapisha, nakala za kwanza ziende kwa familia zilizotoa ardhi na kwa wapishi. Maktaba ya shule ifuate.